Kiwanda cha kemikali kikileta maafa, nani anawajibika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoishi karibu na viwanda vya shaba na kobalti: Ruashi, Kampemba, Annexe, na walio kandokando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa. Mengine ni ya wake za wafanyakazi, mengine ya wafanyakazi wenyewe. Tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Kwa nini kila mkizungumzia usalama wa viwanda mnaanza na Bhopal? Huko ni India, na sisi hatutengenezi dawa ya wadudu.

Kwa sababu sehemu kubwa ya sheria ambazo kampuni kubwa zinajivunia leo zilitungwa baada ya usiku ule. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika kiwanda cha Union Carbide India Limited mjini Bhopal, maji yaliingia kwenye tangi namba E610 lililokuwa na takriban tani 40 za methili isosayaneti, kemikali inayojulikana kwa kifupi kama MIC. Maji na MIC vikikutana huchemka na kutoa joto kali. Shinikizo likapanda, vali ikafunguka, na gesi ikatambaa juu ya mitaa ya maskini iliyobanana na ukuta wa kiwanda wakati watu wamelala.

Kinachotuhusu sisi ni hali ya kiwanda usiku huo. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka, kupunguza gharama. Mnara wa kuchomea gesi inayovuja haukufanya kazi kwa kuwa kipande cha bomba kilikuwa kimeng'olewa kwa matengenezo na hakijarudishwa. Mnara wa kuosha gesi kwa soda kali ulikuwa umewekwa pembeni, na hata ungewashwa haukuwa na ukubwa wa kumeza gesi nyingi kiasi kile. Tangi la akiba, ambalo lilipaswa kubaki tupu ili lipokee mzigo siku ya dharura, halikuwa tupu. Idadi ya wafanyakazi wa zamu ilikuwa imepunguzwa. King'ora cha kuwaamsha wakazi kililia kidogo kikazimwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanguka kutoka mbinguni. Kila moja lilikuwa na mtu aliyeliamua, mezani, mchana, akiangalia hesabu.

Kampuni si ilisema ni mfanyakazi aliyefanya hujuma?

Ndiyo, Union Carbide ilishikilia kwamba mfanyakazi mwenye kinyongo aliunganisha mpira wa maji kwenye tangi makusudi. Wachunguzi wengine walisema maji yalipita kwenye mabomba wakati wa kuyaosha. Mabishano hayo yameandikiwa kurasa nyingi, na kwa maoni yetu yanapoteza muda. Tuseme ni kweli kulikuwa na mtu mbaya mwenye mpira wa maji. Kiwanda ambacho mtu mmoja mwenye hasira anaweza kukitumia kuua mji kwa maji ya bomba kimejengwa vibaya na kinaendeshwa vibaya. Kwa nini tani 40 zilihifadhiwa pale wakati MIC ingeweza kutengenezwa kidogo kidogo na kutumika papo hapo?

Walikufa watu wangapi?

Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Mashirika ya waathirika yanataja maelfu mengi zaidi, maana watu waliendelea kufa miaka mingi baadaye kwa mapafu na maradhi mengine. Walioguswa na gesi ni zaidi ya laki tano.

Kampuni mama ya Marekani ililipa nini?

Union Carbide ilimiliki asilimia 50.9 ya kampuni ya India. Serikali ya India, kwa niaba ya waathirika, ilidai dola bilioni 3.3. Mwaka 1986 jaji wa New York alikataa kusikiliza kesi, akasema mahali pake ni India. Februari 1989 wakapatana kwa dola milioni 470, na majeruhi walio wengi mwanzoni walipata karibu rupia 25,000 kila mmoja. Mwaka 2001 Dow Chemical iliinunua Union Carbide na kushikilia kwamba deni la Bhopal halikuja nalo. Machi 2023 Mahakama ya Juu ya India ilikataa ombi la serikali la kuongeza fidia.

Ukisoma tarehe hizo mfululizo utaona jinsi kampuni inavyoweza kusubiri. Mjane hawezi kusubiri hivyo.

Wakubwa walifungwa?

Mwenyekiti wa Union Carbide, Warren Anderson, alikamatwa alipofika Bhopal, akapewa dhamana, akarudi Marekani na hakurudi tena India hadi alipofariki 2014. Mwaka 2010, zaidi ya miaka 25 baadaye, viongozi Wahindi wa kiwanda walihukumiwa miaka miwili, na wakaachiwa kwa dhamana.

Basi ni nini hasa kilichobadilika duniani?

Kilichobadilika zaidi ni haki ya jirani wa kiwanda kujua kilichomo ndani ya ukuta.

Ulaya ilikuwa imeanza mapema kidogo. Tarehe 10 Julai 1976, kiwanda cha ICMESA karibu na mji wa Seveso, Italia, kilitoa wingu lenye dioksini, sumu kali, na siku zikapita kabla wakazi hawajaambiwa ni sumu gani. Kiwanda kilikuwa mali ya kampuni ya Uswisi, Givaudan, iliyokuwa chini ya Hoffmann-La Roche. Mwaka 1982 Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo lililochukua jina la Seveso, likafanyiwa marekebisho 1996 na 2012. Kiini chake ni rahisi: ukihifadhi kemikali hatari kupita kiasi fulani, lazima uitangazie serikali, uandike mpango wa dharura, na uwaambie majirani wafanye nini siku ya balaa.

Marekani waliamini Bhopal ni jambo la nchi maskini. Agosti 1985 kiwanda cha Union Carbide hiyohiyo, huko Institute, West Virginia, kilivujisha gesi na watu zaidi ya mia wakapelekwa hospitali. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua. Kiwanda kikalazimika kutaja hadharani aina na kiasi cha kemikali kilichonazo na sumu inazotoa. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya 1990 yakaanzisha bodi huru ya kuchunguza ajali za kemikali, bodi isiyotoza faini, inayochimba chanzo na kuchapisha ripoti. Mwaka 1992 zikaja kanuni za usalama wa michakato: kabla ya kubadilisha bomba, dawa au utaratibu wa kazi, uandike hatari zake na mtu mwenye mamlaka asaini.

Wahandisi nao walikuwa na fundisho lao. Mwingereza Trevor Kletz alikuwa ameshasema mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kisichokuwepo hakiwezi kuvuja. Badala ya kuongeza vali na ving'ora juu ya tangi kubwa la sumu, punguza sumu yenyewe. Baada ya Bhopal kampuni kadhaa zilipunguza akiba zao za kemikali kali, na zikagundua kwamba kumbe zingeweza kufanya hivyo tangu zamani.

India yenyewe ilipiga hatua ambayo majaji wengi duniani bado wanaiogopa. Desemba 1985 gesi ya oleamu, yaani asidi ya salfuriki kali inayofuka, ilivuja Delhi. Katika kesi hiyo Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenye shughuli ya hatari analipa madhara bila kujitetea eti alikuwa mwangalifu, na kadiri kampuni ilivyo kubwa ndivyo fidia inavyopaswa kuwa kubwa. Mwaka 1993 Shirika la Kazi Duniani nalo likapitisha Mkataba namba 174 wa kuzuia ajali kubwa za viwandani.

Na ule mpango wa kampuni zenyewe, wenye nembo nzuri kwenye lango?

Responsible Care. Ulianzia Kanada 1985, na chama cha kampuni za kemikali za Marekani kikaufuata 1988. Una mambo mazuri ndani yake, hasa katika kubadilishana uzoefu. Lakini ni hiari, na ulizaliwa wakati kampuni zilipoogopa sheria kali. Nembo langoni isikuzuie kuomba karatasi.

Hapa Lubum hatari kubwa ni ipi?

Kwanza asidi ya salfuriki. Bila asidi hakuna kobalti, maana ndiyo inayoyeyusha madini kutoka kwenye mawe. Nyingine inatengenezwa hapa kwa kuchoma salfa, nyingine inaingia kwa kamioni kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kwa hiyo tangi hatari halipo kiwandani tu, lina magurudumu na linapita sokoni. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya kwenda Kolwezi, kamioni ya asidi iligongana na magari mengine, ikamwagika, na watu wapatao 20 wakafa. Asidi ilitiririka hadi shambani.

Pili ni gesi ya salfa inayokwaruza koo na kukausha majani ya mihogo. Wazee waliokulia chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaijua harufu hiyo kuliko sisi.

Tatu ni mabwawa ya taka. Watu huyaona kama matope tu, yametulia, ndege wanatua pembeni. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la Sino-Metals Leach Zambia huko Chambishi, ng'ambo ya mpaka wetu, ulibomoka, maji ya asidi yakaingia mto Kafue, samaki wakafa, na Kitwe ikafungiwa maji ya bomba. Novemba mwaka huohuo ikawa zamu yetu: maji kutoka bwawa la Congo Dongfang Mining yalifurika mitaani Lubumbashi, na waziri wa migodi akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu.

Madhara mengine hayana siku wala saa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kupita kiasi, na watoto walikuwa nayo zaidi. Hakuna king'ora kinacholia kwa sababu ya mkojo wa mtoto.

Kampuni ilituchimbia kisima na kupaka rangi shule. Huo si uwajibikaji?

Ni jambo jema, na mama anayechota pale asichekwe. Ila tuelewane. Sheria ya migodi ya 2002, ilivyorekebishwa Machi 2018, inailazimisha kampuni kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kusaini na wenyeji daftari la ahadi lenye tarehe za kutimiza. Kwa hiyo kisima mara nyingi ni deni linalolipwa; kukipigia ngoma na kukikatia utepe mbele ya kamera ni hiari yao.

Pia kisima hakipunguzi hata lita moja ya asidi kwenye tangi. Uwajibikaji kwa maana tunayoitumia hapa unaanzia ndani ya ukuta: vali zinapimwa, wafanyakazi wa zamu wanatosha, bwawa linakaguliwa na mtu asiyelipwa kwa kusema ndiyo. Kampuni inayotumia fedha nyingi kwa fulana na sherehe huku ikiahirisha matengenezo inanunua ukimya, na kwa bei nafuu. Tumeona mikutano ambapo swali la maji machafu lilijibiwa kwa mipira ya watoto.

Nikidhurika, lazima nithibitishe kwamba kampuni ilizembea?

Kwa kampuni yenye haki ya uchimbaji, hapana. Kifungu cha 285 bis cha sheria ya migodi kinasema mwenye haki hiyo analipia madhara kwa watu, mali na mazingira yanayotokana na shughuli zake hata kama hakuna kosa wala uzembe. Ni kifungu kizito ambacho wengi hawajawahi kusomewa. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 nayo ina kanuni ya mchafuzi kulipa.

Unachopaswa kuthibitisha ni madhara yenyewe na kwamba yametoka pale. Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Piga picha zenye tarehe. Chukua maji kwenye chupa safi mbele ya mashahidi, pamoja na mkuu wa kartie (mtaa) ikiwezekana. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uombe karatasi yenye muhuri. Usisaini hati ya kupokea fidia kabla avoka (wakili) hajaisoma, hasa kama imeandikwa kwa Kifaransa kigumu na unaambiwa bahasha ni ya leo tu.

Kamioni haikuwa ya kampuni, ilikuwa ya mkandarasi. Kampuni inasema haihusiki.

Jibu hili utalisikia kila mara. Mkandarasi naye atasema dereva ni wa kibarua, na dereva pengine amekufa. Lakini asidi ilikuwa ikienda kwa nani? Nani alikubali bei ya usafiri isiyotosha kubadilisha matairi? Kabwe ilikuwa hivyohivyo: mnyororo mrefu, na kila mkono ukiachia. Kampuni inayonunua asidi inaweza kuweka masharti ya breki, mafunzo, saa za kulala dereva na gari la kusindikiza. Wengine wameweka, kwa hiyo inawezekana. Mwambie avoka awataje wote kwenye mashtaka, mahakama ndiyo itawachambua.

Je, tunaweza kushtaki kampuni mama huko ng'ambo?

Wakati mwingine. Wanakijiji wa Chingola, Zambia, karibu 1,800, walilalamika kwamba mgodi wa shaba wa Konkola uliwachafulia mito, wakaishtaki kampuni mama Vedanta huko London. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi isikilizwe kule, ikaangalia jinsi kampuni mama ilivyojitangaza kwamba inasimamia mazingira ya matawi yake yote. Januari 2021 pande mbili zikapatana. Ufaransa ina sheria ya Machi 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa kuchunguza hatari za matawi na wakandarasi wao popote walipo. Kampuni nyingi za hapa, hata hivyo, zina wenyewe China, na njia hiyo bado ni nyembamba sana.

Hifadhi ripoti zao za kila mwaka zenye picha za watoto wanaocheka. Vedanta ilibanwa kwa maneno yake yenyewe.

Mume wangu anafanya kazi kwenye matangi. Anaona mambo, lakini akisema atafukuzwa. Nimshauri nini?

Mama, hofu yake ina msingi na hatutamwita mwoga. Bhopal pia walijua. Desemba 1981 mfanyakazi mmoja aliuawa na gesi ya fosjini pale kiwandani. Mwaka 1982 wakaguzi kutoka Marekani waliorodhesha kasoro, na mwandishi wa habari wa mjini hapo, Rajkumar Keswani, akaandika kwamba mji umekaa juu ya hatari. Alipuuzwa.

Asiende peke yake. Apitie kamati ya usalama na afya au wajumbe wa chama cha wafanyakazi, na taarifa iwe ya maandishi, fupi, yenye namba ya vali na tarehe, bila kumtaja bosi kwa ubaya. Aandike hata ajali zilizokosa kutokea: bomba lililopasuka usiku bila kumpata mtu, ngazi iliyoteleza. Kiwanda kinachosema kimekaa mwaka mzima bila tukio lolote dogo kina daftari lililofungwa, hakina muujiza.

Siku gesi ikivuja, tufanye nini?

Angalia moshi au bendera upate kujua upepo unakoelekea, kisha ondoka kwa kukata upepo upande, usikimbie mbele yake. Gesi ya salfa ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo panda mahali pa juu, usijifiche mtaroni wala bondeni. Mtoto mbebe mgongoni au begani. Kitenge kilicholoweshwa maji juu ya pua na mdomo kinasaidia kidogo. Kama huwezi kutoka, ingia ndani, funga madirisha, ziba nafasi kwa nguo zenye maji.

Asidi ikikumwagikia, vua nguo haraka na ujimwagie maji mengi, dakika 20 walau, macho pia. Usipake mafuta.

Kamioni ikipinduka, usisogee na ndoo. Julai 2010 huko Sange, Kivu Kusini, watu walikusanyika kwenye lori la mafuta lililoanguka, likashika moto, na zaidi ya 200 wakafa. Asidi nayo, machoni pa mtoto, inafanana na maji.

Kampuni imetualika mkutanoni wiki ijayo. Tuulize nini?

Acheni ajira na kisima kwa dakika 30 za kwanza, maana vikianza havitaisha. Ulizeni kuna kemikali gani ndani, tani ngapi, na kwa nini ni nyingi hivyo. King'ora kikilia kinasikika hadi kartie gani, na kinamaanisha nini? Mara ya mwisho mazoezi ya dharura yalifanyika lini, na wakazi walikuwemo? Je, hospitali ya karibu imeandikiwa jina la kila sumu na tiba yake? Bhopal madaktari walipokea maelfu ya wagonjwa bila kuambiwa ni gesi gani waliyovuta. Nani anakagua bwawa, na ripoti yake iko wapi? Ombeni muhtasari wa utafiti wa athari za mazingira na mpango wa dharura kwa Kiswahili, kwa maandishi.

Wakisema ni siri ya biashara, waulizeni kama wazimamoto wa mji wanaijua siri hiyo. Andikeni majibu, jina la aliyejibu na cheo chake, wote wasaini, na nakala moja ipelekwe komini ikapigwe muhuri wa kupokelewa.